Kusoma vipaumbele vya maendeleo katika hotuba za Umoja wa Mataifa: mwongozo kamili wa uchanganuzi wa matini

Kila Septemba marais, mawaziri wakuu na mawaziri wa mambo ya nje hupanda jukwaa la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini New York kwa ajili ya Mjadala Mkuu. Kwa desturi Brazil hufungua, Marekani ikafuata kama mwenyeji, kisha zamu huendelea. Kila msemaji huombwa asizidi dakika 15, ingawa hakuna anayekatiziwa. Hakuna kura inayopigwa na hakuna azimio linalobishaniwa. Serikali inachagua yenyewe iseme nini na inyamazie nini, na hapo ndipo thamani ya hotuba hizi ilipo kwa mtafiti. Kwenye kura ajenda huwa imepangwa na wengine. Hapa ajenda ni ya msemaji.

Mwongozo huu unahusu kazi moja: kutumia hotuba hizo kujua nchi inatanguliza nini katika maendeleo, na vipaumbele hivyo vimebadilikaje. Mfano tutakaotembea nao ni wa nchi sita: Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Programu ni R, ambayo ni ya bure, pamoja na vifurushi vya readtext, quanteda na stm. Anayetumia Python atafika kulekule kwa spaCy na gensim.

Jambo moja lisemwe mapema. Wengi huingia kazi hii wakiwa na hamu ya modeli, yaani programu inayogundua mada za matini kwa takwimu, na modeli ni mistari michache ya kodi ya programu. Matokeo huharibika au kupona kwenye kusafisha na kuhakiki, kwa hiyo sehemu hizo mbili usiziruke.

Swali kwanza

"Kenya inajali mazingira?" si swali la utafiti, kwa sababu hakuna jibu linaloweza kulikanusha. Andika hivi: "Je, sehemu ya hotuba za Kenya inayozungumzia mabadiliko ya tabianchi iliongezeka baada ya 2015 kuliko sehemu kama hiyo katika hotuba za Tanzania?" Hapo una nchi, una kipindi, una kipimo, na data inaweza kukuambia hapana.

Kisha amua "kipaumbele" utakipimaje. Kuna njia tatu na hazitoi jibu moja. Ya kwanza ni uzito: asilimia ngapi ya maneno ya hotuba inaihusu mada. Ya pili ni kutajwa: mada imo au haimo. Ya tatu ni nafasi: imekuja mapema au imesukumwa mwishoni. Uzito ndio unaotumika zaidi, na kwa maswali mengi unatosha. Kutajwa hakusaidii sana kwa mada zilizokwisha kuwa adabu ya jukwaani. Siku hizi karibu kila nchi hulitaja Lengo fulani la Maendeleo Endelevu, hata kama ni kwa sentensi moja tu.

Kupata kopasi

Huna haja ya kukusanya hotuba mojamoja. Alexander Baturo, Niheer Dasandi na Slava Mikhaylov walitoa mwaka 2017 mkusanyo wa matini (kopasi) unaoitwa UN General Debate Corpus, ambao unapatikana bure kwenye Harvard Dataverse, hifadhi ya data ya mtandaoni. Toleo la kwanza lilikuwa na hotuba 7,314 za 1970 hadi 2014. Tangu hapo mkusanyo umekuwa ukiongezwa na sasa unarudi nyuma hadi 1946, ukiwa na hotuba zaidi ya 10,000. Zote ziko kwa Kiingereza. Zilizotolewa kwa Kifaransa, Kiarabu au lugha nyingine zimewekwa kwa tafsiri rasmi ya Umoja wa Mataifa.

Pakua faili lililobanwa na uandike namba ya toleo mahali pa kudumu. Mafaili hurekebishwa kati ya toleo na toleo, na mtu atakayerudia kazi yako kwa toleo jingine anaweza kupata namba tofauti bila kujua sababu.

Jina la faili lina sehemu tatu zilizotenganishwa kwa mstari wa chini: msimbo wa nchi, namba ya kikao na mwaka. KEN_25_1970.txt ni Kenya, kikao cha 25, 1970. Namba ya kikao ni mwaka ukitoa 1945, hivyo 2015 ni kikao cha 70. Tumia kanuni hiyo kukagua majina yote kwa mpigo: jina lisilofuata hesabu hiyo lifunguliwe na kusomwa kwa macho.

```r
library(readtext); library(quanteda); library(stm)

njia <- list.files("TXT", pattern = "^[A-Z].*\\.txt$",
                   recursive = TRUE, full.names = TRUE)

hotuba <- readtext(njia, docvarsfrom = "filenames", dvsep = "_",
                   docvarnames = c("nchi", "kikao", "mwaka"),
                   encoding = "UTF-8")

hotuba[hotuba$mwaka - hotuba$kikao != 1945, ]
```

Sharti la jina kuanza na herufi kubwa limewekwa kwa makusudi. Mafaili yaliyobanwa kwenye kompyuta za Mac mara nyingi hubeba vivuli vyenye majina yanayoanza kwa nukta, na vikiingia utahesabu takataka kama hotuba.

Sasa jua mfululizo wa kila nchi unaanzia wapi. Kongo ilijiunga na Umoja wa Mataifa Septemba 1960, Rwanda na Burundi Septemba 1962, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Tanganyika iliingia Desemba 1961 na Zanzibar Desemba 1963, zikawa mwanachama mmoja baada ya Muungano wa Aprili 1964. Kongo ilijiita Zaire kati ya 1971 na 1997. Usiache programu iamue yenyewe kwamba hizo ni nchi mbili. Tengeneza jedwali dogo la misimbo kwa mkono. Kwa maswali ya maendeleo, kuanzia 1970 ni busara, maana kabla ya hapo nchi nyingi za Afrika zina miaka michache tu.

Kusafisha

Fungua hotuba ya 1972, ya 1988 na ya 2015 kwenye kihariri cha kawaida, uzisome zote tatu mwanzo hadi mwisho kabla hujaandika amri yoyote ya kusafisha. Utaona tofauti ambazo hakuna maelezo ya kopasi yatakayokuonyesha vizuri hivyo.

Hotuba za zamani zilitolewa kwenye kurasa zilizopigwa skani, na kompyuta ikazigeuza kuwa maandishi. Kuna maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari kwa kistari, herufi zilizosomwa vibaya, na mara nyingine kichwa cha ukurasa kimezama katikati ya sentensi. Pia kumbukumbu rasmi za zamani ziliwekewa namba kila aya: "33.", "34." na kuendelea. Usizifute namba hizo mapema. Katika mafaili ambayo mistari imevunjikavunjika, namba ndizo alama pekee ya kuaminika ya mahali aya inapoanza. Gawa hotuba katika aya kwa kutumia namba, kisha uzifute.

```r
hotuba$text <- gsub("\ufeff", "", hotuba$text)
hotuba$text <- gsub("([a-z])-[ \t]*\n[ \t]*([a-z])", "\\1\\2", hotuba$text)
```

Mstari wa kwanza unaondoa alama isiyoonekana ambayo baadhi ya mafaili huanza nayo. Wa pili unaunganisha maneno yaliyokatwa, nao una gharama yake: "self-determination" iliyokatwa kwenye kistari chake itageuka "selfdetermination". Baada ya kuuendesha, toa orodha ya maneno yaliyoundwa na hatua hiyo peke yake na urekebishe yale yanayojirudia.

Kisha kuna salamu. Karibu kila hotuba hufunguliwa kwa kumpongeza Rais wa Baraza Kuu, kumshukuru aliyemtangulia na kumsifu Katibu Mkuu. Aya hizi zikibaki, modeli itakuzalishia mada nzima ya pongezi. Wengine hufuta aya mbili za mwanzo kwa kila hotuba, na hilo ni kosa, kwa sababu hotuba nyingi za miaka ya karibuni huingia kwenye hoja moja kwa moja. Bora uache mada ya pongezi ijitokeze, uipe jina, kisha uitoe kwenye hesabu na kugawa upya asilimia za mada zilizobaki.

Kwa habari ya urefu, kopasi ina mabadiliko makubwa. Hotuba za miaka ya 1970 na 1980 kwa jumla ni ndefu kuliko za sasa, na zipo zilizovuka mipaka kabisa. Muammar Gaddafi mwaka 2009 alizungumza kwa saa moja na nusu hivi. Ukihesabu maneno kwa idadi tupu, hotuba moja ya namna hiyo huimeza miaka kadhaa ya nchi nyingine. Hesabu zote ziwe kwa kila maneno 1,000.

Maneno yanayodanganya

Hapa ndipo kazi nyingi za wanafunzi huanguka, na mara nyingi msimamizi haoni, kwa kuwa grafu hutoka safi kabisa.

Anza na neno lenyewe. "Development" ni maendeleo, lakini "developments" kwa wingi, kwenye lugha ya wanadiplomasia, mara nyingi ni matukio: "recent developments in the Middle East". Ukikata maneno hadi shina, yaani kuondoa viambishi vya mwisho, kama maelekezo mengi ya mtandaoni yanavyoshauri, yote mawili huwa "develop", na mwaka wenye vita vingi utaonekana mwaka wa maendeleo. Tenga wingi na umoja kabla ya hatua nyingine yoyote.

"Climate" nayo. Mwanadiplomasia wa 1975 akisema "international climate" anazungumzia hali ya kisiasa duniani, uhasama au maelewano kati ya madola. Ukilifuatilia neno hilo peke yake utahitimisha kwamba dunia ilihangaikia tabianchi miaka kumi na saba kabla ya mkutano wa Rio wa 1992. Fuatilia "climate change" kama kitu kimoja, na uongeze "global warming", "greenhouse" na "sea level".

Mtego mbaya kuliko yote ni "AIDS". Ukigeuza herufi zote kuwa ndogo kisha ukakata shina, "AIDS" inakuwa "aid", yaani Ukimwi na misaada vimekuwa neno moja. Kwa nchi za Afrika Mashariki katika miaka ya 1990 na 2000, ambako vyote viwili vilitajwa kwa wingi, kosa hilo linaharibu kazi yote. Badilisha neno hilo kabla ya kugusa ukubwa wa herufi.

Mingine ni ya kupita haraka. "Settlement" ni suluhu ya mgogoro, ni makazi ya watu, na kwa Palestina ni jambo jingine tena. "Democratic" kwenye hotuba ya Kongo mara nyingi ni jina la nchi. "United", "Nations", "States" na "Republic" hazina maana kwa kazi hii. Majina ya nchi yaondolewe yote, la sivyo mada zitajipanga kijiografia: utapata mada ya "Burundi" badala ya mada ya wakimbizi.

```r
kop <- corpus(hotuba)
tk  <- tokens(kop, remove_punct = TRUE, remove_numbers = TRUE)

tk <- tokens_replace(tk, "AIDS", "ugonjwa_ukimwi",
                     case_insensitive = FALSE)
tk <- tokens_replace(tk, c("developments", "Developments"),
                     c("matukio_siasa", "matukio_siasa"))
tk <- tokens_compound(tk, phrase(c("climate change", "human rights",
        "sustainable development", "least developed countries",
        "foreign debt", "debt relief", "Middle East")))
tk <- tokens_tolower(tk)
tk <- tokens_remove(tk, c(stopwords("en"), majina_ya_nchi))
```

Mpangilio wa mistari hii si wa kubadilisha. "majina_ya_nchi" ni orodha unayoitengeneza wewe, kwa herufi ndogo, ikiwa na majina ya zamani (Zaire, Tanganyika, Upper Volta) na vivumishi vyake. Majina ya maneno mawili au zaidi yaunganishwe kwanza kama ulivyounganisha "climate change", vinginevyo hayatanaswa. Tazama pia kwamba orodha ya kawaida ya maneno ya kuondoa haina "us", kwa hiyo baada ya herufi kuwa ndogo "us" ya maana ya "sisi" na Marekani iliyofupishwa kwa herufi mbili huwa neno moja. Kwa swali letu haidhuru. Kwa swali la misaada ya Marekani ingedhuru.

Baada ya hapo kila neno unalolitegemea lipitie ukaguzi wa muktadha:

```r
kwic(tk, "development", window = 8)
```

Chukua mistari 100 kwa bahati nasibu, isome, hesabu mingapi ina maana uliyoikusudia. Ikiwa chini ya 85, neno hilo haliwezi kusimama peke yake kama kipimo. Kiwango cha 85 ni cha uzoefu, si sheria, lakini ukishuka hapo utakuwa unapima kelele.

Kuna tatizo la upande wa pili pia: jambo lile lile hubadilisha jina. Madai ya haki katika biashara ya dunia yalikuja miaka ya 1970 kwa jina la "New International Economic Order", baada ya Azimio 3201 la Mei 1974. Miaka ya 1980 yakasemwa kwa lugha ya madeni na bei za mazao. Baada ya Septemba 2000 yakaingia ndani ya Malengo ya Milenia, na baada ya Septemba 2015 ndani ya malengo 17 ya Ajenda 2030. Kamusi yako ya maneno ikijengwa kwa msamiati wa leo, wazee wa 1974 wataonekana hawakujali umaskini. Soma angalau hotuba tano kwa kila muongo na uongeze msamiati wao.

Hesabu za kawaida kabla ya modeli

Fanya kwanza jambo dogo: hesabu maneno ambayo historia yake unaijua. "Covid" lazima iwe sifuri kabla ya 2020. "Zaire" iote 1971 na ianze kufifia 1997. "Apartheid" ishuke sana baada ya 1994, ingawa haitaisha. Ukikuta "covid" mwaka 1998, tarehe zako zimechanganyika na hakuna haja ya kuendelea hadi upate chanzo.

Kisha chora mada unayoitaka kwa kila maneno 1,000, mwaka kwa mwaka, kwa nchi zako sita. Weka wastani wa miaka mitatu juu ya nukta, maana nchi moja ina hotuba moja tu kwa mwaka na nukta zitarukaruka. Usiwahi kulinganisha wastani wa dunia wa 1970 na wa leo bila kutaja kwamba wanachama walikuwa 127 na sasa ni 193. Sehemu ya mabadiliko inatokana na nani amejiunga. Rudia hesabu kwa nchi zilizokuwepo muda wote, uone kama mstari unabaki vilevile.

Mara nyingi hatua hii peke yake hujibu swali. Ikijibu, simama. Hakuna sheria inayomlazimu mtu kutumia modeli.

Modeli ya mada

Ukihitaji kuona mada ambazo hukuzifikiria, tumia modeli ya mada yenye muundo, ile ya kifurushi cha stm. Inagawa kila hotuba katika mchanganyiko wa mada na inakuruhusu kuuliza kama mchanganyiko huo unabadilika kwa mwaka, kanda au kipato cha nchi.

Nchi sita kwa miaka hamsini na kidogo hazifiki hotuba 330, ambazo ni chache mno kwa modeli. Ifundishe kwa kopasi nzima, kisha uzitazame nchi zako ndani ya matokeo. Kufanya hivyo pia kunakupa mada zinazoweza kulinganishwa na dunia nzima.

```r
m0 <- dfm_trim(dfm(tk), min_docfreq = 20)
d  <- convert(m0, to = "stm")

mod <- stm(d$documents, d$vocab, K = 20,
           prevalence = ~ s(mwaka) + kanda,
           data = d$meta, init.type = "Spectral", seed = 1970)
```

Kigezo cha "kanda" ukiongeze mwenyewe kwenye data ya hotuba kabla ya kuunda kopasi, kwa kuunganisha na jedwali la misimbo. Kiwango cha hotuba 20 kinaondoa makosa ya skani, ambayo kwa kawaida hayajirudii.

Idadi ya mada, yaani K, ndiyo inayoumiza vichwa. Jaribu 10, 15, 20, 25, 30 na 40 kwa amri ya searchK, ukitazama vipimo viwili: mshikamano wa maneno ndani ya mada, na upekee wa maneno kati ya mada. K ikiwa ndogo, afya, elimu na kilimo vinarundikana pamoja. Ikiwa kubwa, unapata mada tano za Mashariki ya Kati. Vipimo vitakupunguzia hadi K mbili au tatu. Uamuzi wa mwisho ni wa msomaji wa hotuba, na uandike sababu zake.

Mada zikitoka, usizipe majina kwa kutazama maneno kumi ya juu tu. Tumia findThoughts kuvuta hotuba kumi zenye kiwango kikubwa zaidi cha kila mada, uzisome. Mada yenye "water", "drought" na "food" inaweza kuwa ukame wa Sahel wa miaka ya 1970, si usalama wa chakula kwa jumla. Iite kwa jina lake la kweli. Mada mbili au tatu zitakuwa mabaki yasiyo na jina, na ni halali kuziandika hivyo.

Ukitaka undani zaidi, gawa hotuba kwa aya na uendeshe modeli upya. Aya nyingi zina mada moja, kwa hiyo matokeo ni makali zaidi. Kompyuta yenye GB 8 za RAM inatosha kwa hotuba nzima. Kwa aya tafuta GB 16 na uiache ifanye kazi usiku.

Kuhakiki kwa binadamu

Chukua aya 200 kwa bahati nasibu, ukihakikisha kila muongo una sehemu. Watu wawili wanaoijua mada wazisome kila mmoja peke yake na waipe kila aya mada moja kutoka orodha yako, bila kuona modeli ilisema nini. Pima makubaliano yao kwa alfa ya Krippendorff, kipimo ambacho 1 ni makubaliano kamili. Ikifika 0.80, endelea. Kati ya 0.667 na 0.80, toa hitimisho kwa tahadhari. Chini ya hapo tatizo liko kwenye maelezo ya mada: watu wawili hawakubaliani "maendeleo" ni nini, basi kompyuta nayo haiwezi kulaumiwa. Yaandike upya na uanze na aya nyingine 200.

Baada ya hapo ndipo linganisha binadamu na modeli. Utaratibu huu huu utumike ukiamua kuipa programu ya akili mnemba kazi ya kuainisha aya. Inaainisha haraka na mara nyingi vizuri, lakini inaujua mwaka 2015 kuliko 1975, na huisoma "climate" ya zamani kwa macho ya leo. Toa usahihi wake kwa kila muongo, siyo jumla moja.

Kuunganisha na takwimu za nje

Pato la taifa kwa kila mtu na idadi ya watu zipo kwenye viashiria vya Benki ya Dunia, misaada kwenye takwimu za OECD (umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri), na utawala wa kidemokrasia kwenye V-Dem, mradi wa kupima demokrasia duniani. Kifurushi cha countrycode kinageuza misimbo. Pato la taifa lichukuliwe kwa logi (logariti). Tumia takwimu za mwaka uliotangulia hotuba, kwa sababu hotuba ya Septemba haiwezi kuathiriwa na pato la Desemba inayokuja. Chunguza nafasi zilizo wazi: nchi zilizo vitani ndizo hukosa takwimu, na ukizifuta kimyakimya umefuta hasa nchi ambazo vipaumbele vyake vinatofautiana.

Kusoma namba bila kujidanganya

Asilimia za mada hujumlishwa kuwa 100. Mada moja ikipanda, nyingine lazima zishuke hata kama hakuna aliyeacha kuzijali. Tazama eneo letu katikati ya miaka ya 1990: baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, wakimbizi na usalama wa Maziwa Makuu walichukua nafasi kubwa kwenye hotuba za ukanda huu. Ukiripoti tu kwamba sehemu ya kilimo au elimu ilishuka, msomaji ataelewa kwamba serikali zilivipuuza. Weka namba mbili sambamba, asilimia na idadi ya maneno. Mwaka 2020 una tatizo la namna hiyo kwa dunia nzima, tena hotuba zake zilirekodiwa kwa video kabla. Uupe kigezo chake wenyewe au uonyeshe matokeo ukiwa nao na usipokuwa nao.

Uliza msemaji alikuwa amevaa kofia gani. Idi Amin alipozungumza mwaka 1975, na Gaddafi 2009, kila mmoja alikuwa pia mwenyekiti wa umoja wa Afrika wa wakati wake. Nchi inayoongoza Kundi la 77, umoja wa nchi zinazoendelea, nayo husemea wengine. Weka alama ya ndiyo au hapana kwa miaka hiyo. Ongeza na cheo cha msemaji: rais, waziri au balozi hawasemi kwa uzito mmoja.

Kisha kuna mwenyeji. Makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, pamoja na yale ya shirika la makazi, yako Nairobi. Kenya ina sababu ya kuyataja ambayo Burundi haina. Kabla hujasema Kenya inaongoza kwa mazingira, hesabu mara mbili: mara moja kwa maneno yote, mara moja baada ya kuondoa sentensi zenye majina ya mashirika hayo.

Na hotuba si bajeti. Inapima kile serikali inataka dunia isikie, wakiwamo wafadhili na wapiga kura wa nyumbani. Ukitaka kusema zaidi ya hapo, iweke kando ya kura za Baraza Kuu, ambazo Erik Voeten na wenzake wamezikusanya kwenye Harvard Dataverse hiyo hiyo, au kando ya hotuba za bajeti za nchi husika. Kwa hotuba za bungeni za Kiswahili, kama za Tanzania, tahadhari: "tunaendelea", "waliendelezwa" na "maendeleo" ni maneno matatu tofauti kwa programu hizi, na kifaa cha kukata shina cha Kiingereza hakitafaa kitu. Hapo ni kamusi ya mkono yenye alama ya nyota, kwa mfano *endele*, na kusoma mistari ya muktadha mmoja mmoja.

Cha kuweka pamoja na matokeo

Toa skripti yote kuanzia kufungua mafaili, namba ya toleo la kopasi, matoleo ya vifurushi, orodha kamili ya maneno uliyoyaondoa na kuyaunganisha, mbegu ya bahati nasibu (namba ya "seed" kwenye amri ya stm), aya 200 na jinsi kila msomaji alivyoziainisha. Unapomnukuu msemaji, chukua maneno kwenye kumbukumbu rasmi iliyo katika maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa, siyo kwenye faili ulilosafisha. Alama yake ina muundo wa A/70/PV na namba ya mkutano; kwa vikao vya kabla ya cha 31 alama haina namba ya kikao, kwa hiyo tafuta kwa tarehe. Mwisho endesha modeli tena kwa K mbili zilizo jirani na yako na kwa mbegu tofauti tatu. Mabadiliko unayoyatangaza yakionekana kwenye matoleo yote, yaweke kwenye maandishi. Yakionekana kwenye moja tu, yabaki kwenye kiambatisho.